Kutembelea Louisiana, Makumbusho ya Sanaa Kando ya Bahari: Mwongozo Kamili

Kilomita 35 hivi kaskazini mwa Copenhagen, katika mji mdogo wa pwani uitwao Humlebæk, ipo nyumba nyeupe ya kizamani yenye mimea iliyotambaa ukutani. Ukiiona kutoka barabarani utadhani ni makazi ya familia yenye uwezo. Haina nguzo ndefu wala ngazi pana za kukutisha. Unasukuma mlango, unaonyesha tiketi, kisha nyumba inaanza kurefuka mbele yako: korido ya vioo, chumba, korido nyingine, ziwa dirishani, vidato vichache vya kushuka, na huko mwisho bahari. Hapo ndipo Louisiana, makumbusho ya sanaa ya kisasa yaliyofunguliwa mwaka 1958, na kwangu mimi ni mahali pa kwanza pa kumpeleka mtu anayetaka kuona jengo na ardhi vikiishi pamoja bila kugombana.

Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilifika Jumamosi saa 7 mchana, nikafuata umati, nikatazama kazi moja baada ya nyingine mpaka macho yakachoka, na bustani nikaipitia mbio mlango ukikaribia kufungwa. Nilitoka nimeona vitu vingi, lakini mahali penyewe sikupaona. Mara ya pili nilijipanga. Mwongozo huu umetokana na tofauti ya siku hizo mbili.

Kwanza, ijue nyumba

Usiruke sehemu hii. Historia ya jengo ndiyo ramani utakayoitumia ukiwa ndani.

Nyumba nyeupe ya mbele ilijengwa mwaka 1855 na Alexander Brun, ofisa wa mambo ya uwindaji katika kasri la mfalme wa Denmark. Brun alioa wake watatu katika maisha yake, na wote watatu waliitwa Louise. Jina la Louisiana limetoka hapo; jimbo la Marekani halihusiki. Karne moja baadaye eneo likaingia mikononi mwa Knud W. Jensen, mfanyabiashara wa jibini aliyependa sanaa na vitabu kuliko biashara aliyorithi. Yeye ndiye aliyeamua kuligeuza makumbusho, na jina akaliacha lilivyokuwa.

Jensen aliwaita wasanifu majengo wawili, Jørgen Bo na Vilhelm Wohlert. Kabla ya kuchora chochote, wawili hao walikaa miezi wakitembea katika eneo lile, wakiangalia miti ilipo, ardhi inapoinama, na jua linapopita. Jensen aliwapa masharti machache tu. Nyumba ya zamani ibaki kuwa mlango. Chumba kimoja kifunguke kuelekea Humlesø, ziwa dogo lililo upande wa ndani. Na mita mia mbili hivi kutoka pale, juu ya ukingo unaotazama bahari, pawe na mgahawa wenye baraza.

Sasa fikiria alama tatu hizo: nyumba, ziwa, bahari. Kazi ya wasanifu ilikuwa kumtoa mgeni alama moja hadi nyingine bila kumpotezea miti iliyokuwapo. Ndiyo maana korido zinapinda. Haikuwa mbwembwe, walikuwa wakikwepa miti, na mmojawapo ulikuwa mti mkubwa wenye mashina tisa ambao uliamua korido ya kwanza ipite wapi. Kuta wakazijenga kwa matofali yaliyopakwa chokaa nyeupe, dari kwa mbao, sakafu kwa vigae vyekundu, na paa wakaliweka chini kiasi kwamba ukiwa bustanini ni rahisi kusahau kuwa kuna jengo.

Wasanifu walewale waliendelea kuliongeza jengo kwa zaidi ya miaka 30: upande wa magharibi mwaka 1966 na 1971, ukumbi wa muziki 1976, upande wa kusini 1982, na mwaka 1991 sehemu ya chini ya ardhi iliyounganisha ncha mbili. Tangu hapo ziara imekuwa mzunguko. Unaanzia nyumba ya zamani, unaizunguka bustani, unarudi ulipoanzia. Kumbuka hilo: hupotei, na hakuna chumba utakachokikosa ukifuata duara.

Chagua siku, halafu chagua saa

Jumatatu pamefungwa. Jumanne hadi Ijumaa pako wazi kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 4 usiku (kwenye mbao na tovuti utaona 11 na 22). Jumamosi, Jumapili na sikukuu panafungwa saa 12 jioni.

Ushauri wangu ni mmoja na sina shaka nao: nenda siku ya kazi, fika kati ya saa 8 na saa 9 alasiri, ukae mpaka usiku. Wengi hufika asubuhi na kuondoka alasiri, kwa hiyo unapofika unapishana nao. Zaidi ya hapo, utaliona jengo katika mianga miwili tofauti, jambo nitakalolirudia mwishoni kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Majira nayo yana neno lake. Denmark iko kaskazini sana. Mwezi wa Juni jua linazama karibu na saa 4 usiku, hivyo utakuwa na mchana mrefu wa kukaa nje lakini giza hutaliona kabla ya kufunga. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 alasiri, bustani inakuwa baridi na tupu, na vyumba vinang'aa. Mimi napendelea Septemba na mwanzo wa Oktoba: majani yanageuka rangi, baridi bado inavumilika, na giza linaingia mapema jioni, wakati wewe bado una saa kadhaa mkononi.

Tiketi, pesa na treni

Nunua tiketi mtandaoni kupitia tovuti ya makumbusho. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, na wanafunzi wana punguzo, kwa hiyo beba kitambulisho. Ukikaa Copenhagen siku kadhaa na una mpango wa kuona mengi, piga hesabu ya Copenhagen Card ya aina ya Discover, ambayo inalipia kiingilio cha Louisiana pamoja na treni ya kwenda na kurudi. Kwa mtu wa siku moja tu, tiketi ya kawaida inatosha.

Fedha ya huko ni krona ya Denmark, ingawa nchi imo katika Umoja wa Ulaya. Karibu kila kitu hulipwa kwa kadi au simu. Denmark pia imo katika eneo la Schengen, kwa hiyo anayehitaji viza aombe ya Schengen, na maombi yafike angalau siku 15 kabla ya safari. Kuyapeleka mapema zaidi ni salama zaidi.

Kutoka stesheni kuu ya Copenhagen, panda treni iendayo Helsingør. Kata tiketi kabla ya kupanda, kwa mashine au kwa programu ya simu, maana wakaguzi hupita na faini yao haina mjadala. Safari ni kama dakika 35. Ukishuka Humlebæk, fuata vibao vya Louisiana. Ni mwendo wa dakika 10 hadi 15 kwa miguu katika njia tambarare, na anwani ni Gl. Strandvej 13. Wengi katika behewa lako watakuwa wanaelekea hukohuko.

Unachovaa na unachobeba

Sehemu kubwa ya ziara iko nje, kwenye nyasi na vijia vya mteremko, na upepo wa bahari haukawii. Vaa viatu vya kukanyaga matope. Vaa nguo za tabaka, ili ndani uvue na nje uvae. Utatoka na kuingia mara nyingi. Begi la mgongoni na mwavuli viache mahali pa kuhifadhia mizigo mara tu unapoingia, lakini koti baki nalo mkononi. Nililiacha koti langu mara ya kwanza, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuikimbia bustani.

Mzunguko wenyewe

Anza na upande wa kaskazini, sehemu kongwe ya mwaka 1958. Kabla hujatazama kazi yoyote, tembea korido ya kwanza mpaka mwisho taratibu. Ukuta mmoja mweupe, mwingine kioo kitupu kutoka sakafuni hadi darini. Angalia jinsi ardhi ya nje ilivyo usawa na sakafu ya ndani, kiasi kwamba nyasi zinaonekana kuishia kwenye vidole vya miguu yako. Ardhi inaposhuka, na sakafu inashuka kwa vidato viwili vitatu. Mwili wako unaufuata mlima bila kuambiwa.

Halafu utafika chumba cha Giacometti. Hapa simama. Hiki ndicho kile chumba cha sharti la Jensen, kinachofunguka ziwani. Unatokea juu, kwenye roshani, na chumba kiko chini yako, kirefu kwenda juu, na upande mmoja wote ni dirisha. Nje ya dirisha ni Humlesø, maji ya kijani yaliyotulia na matawi yanayoning'inia. Chini yamesimama maumbo ya shaba ya Alberto Giacometti: wanawake wembamba kama vijiti waliotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya Venice mwaka 1956, na mtu anayetembea, wa mwaka 1960. Shuka uwasogelee. Ngozi yao imejaa mashimo na alama za vidole, kama udongo uliobonyezwa jana tu. Kisha rudi nyuma mpaka ukuta ukuzuie, uwatazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Alama zote zinatoweka. Unabaki na mstari mweusi wa mtu na, nyuma yake, mistari mingine myeusi ya mashina ya miti. Nilikaa pale karibu nusu saa. Wingu likipita juu ya ziwa, chumba kizima kinabadilika rangi, na mtu yule anaonekana ameongeza hatua. Makumbusho mengi hufunga madirisha ili sanaa isisumbuliwe. Hapa waliliacha ziwa lizungumze nayo.

Ukitoka hapo macho yatakuwa yameshiba. Usijilazimishe kuendelea na vyumba. Toka nje. Milango ya kwenda bustanini iko sehemu kadhaa za mzunguko, nawe ukiwa umelipa unatoka na kurudi upendavyo. Kanuni niliyojiwekea ni hii: vyumba viwili au vitatu, kisha hewa.

Bustani ina makumi ya sanamu, na kosa la kawaida ni kuzikimbilia zote. Chagua tatu. Ya kwanza iwe umbo la shaba la Henry Moore lililojilaza juu ya nyasi, bahari ikiwa nyuma yake. Lizunguke lote, maana kila hatua inabadilisha sehemu ya bahari unayoiona kando ya mwili ule, na mabega yake yanaanza kufanana na vilima. Ya pili, shuka kwenye bonde dogo lenye miti ambako Richard Serra aliweka mabamba mazito ya chuma katika miaka ya 1980. Kazi inaitwa The Gate in the Gorge, yaani lango katika bonde, na kweli ni lango: unateremka kivulini, chuma kinakubana kidogo, kisha mbele kunafunguka mwanga wa bahari. Njia huwa na utelezi mvua ikinyesha, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aiangalie kutoka juu.

Ya tatu iko barazani kwa mgahawa, nayo ni kazi za Alexander Calder. Ile iitwayo Little Janey-Waney ina sehemu za juu zinazozungushwa na upepo. Kaa na kikombe chako, uitazame kwa dakika tano. Upepo uleule unaoipeperusha ndio unaokwaruza maji ya mlango-bahari wa Øresund chini ya ukingo, na ukiiangalia kwa utulivu utaweza kubashiri, kwa kutazama mawimbi, ni lini itageuka. Ng'ambo ya maji ni Uswidi. Kisiwa kile kidogo baharini ni Ven, alichopewa mnajimu Tycho Brahe na mfalme wa Denmark mwaka 1576, akajenga pale jumba la kuchunguza nyota.

Mgahawa wenyewe hujaa saa za mlo. Kwenda saa 10 alasiri ni busara kuliko saa 7 mchana.

Kutoka hapo mzunguko unashuka chini ya ardhi. Sehemu hii ya mwaka 1991 ilichimbiwa kwa sababu mbili zinazoeleweka. Michoro ya karatasi huharibiwa na mwanga wa jua, hivyo haikufaa kuwekwa kwenye vioo. Na kujenga juu ya nyasi zile kungeikata bustani vipande viwili. Wakaenda chini, nyasi zikabaki juu. Upande wa kusini nao umezamishwa kiasi kwenye mteremko. Utahisi tofauti mara moja: kuta ziko karibu, mwanga unatoka juu, na bahari uliyoizoea haipo. Baadhi ya wageni hulalamika kuwa sehemu hii haina uzuri wa ile ya kaskazini. Nadhani wanakosea. Baada ya saa mbili za mwanga, giza kidogo linairudishia karatasi heshima yake.

Kuna chumba kimoja utakachokisikia kabla hujafika, kile cha Yayoi Kusama, Gleaming Lights of the Souls, cha mwaka 2008. Ni chumba kidogo chenye vioo kila upande, maji sakafuni na taa nyingi ndogo zinazoning'inia na kubadilika rangi. Wanaingia wachache kwa zamu, kwa hiyo foleni haiepukiki mchana. Iache mpaka jioni, baada ya saa 1 usiku, ambapo mara nyingi utasubiri kidogo tu. Ukiwa ndani, weka simu mfukoni kwa nusu ya muda uliopewa. Simama kimya mpaka usijue ukuta uko wapi.

Maonyesho ya muda hubadilika mwaka mzima, na ni vyema kuangalia tovuti kabla ya kuchagua tarehe. Mwaka 2015, kwa mfano, palikuwa na maonyesho makubwa ya usanifu majengo wa Afrika. Jensen alikuwa na utaratibu wa kupangilia maonyesho aliouita wa sauna: cha moto na cha baridi. Wasanii ambao watu wanawajua na kuwapenda ndio moto. Wasiojulikana, au wagumu, ndio baridi. Mgeni anayekuja kwa ajili ya moto anapitishwa kwenye baridi njiani. Itumie kanuni hiyo wewe mwenyewe. Ukikuta chumba ambacho hukielewi, kipe dakika kumi kabla ya kuondoka, kwa sababu kuna mtu alikiweka pale kwa makusudi baada ya kile ulichokipenda.

Ukienda na watoto

Kuna jengo la watoto tangu 1994, lenye ghorofa tatu na meza za kuchora, kufinyanga na kukata, pamoja na wafanyakazi wa kuwasaidia. Peleka watoto huko baada ya kuona chumba cha Giacometti, kabla ya kuchoka. Wengi hutengeneza vijitu vyao vyembamba bila kuambiwa. Huwa linafungwa mapema kuliko makumbusho, hivyo usiliache mwisho. Bustanini wanaruhusiwa kukimbia, ila sanamu hazipandwi, na ukingo wa baharini una mteremko mkali: shika mkono.

Picha za simu bila mweko huwa hazina shida, lakini angalia alama mlangoni mwa kila maonyesho.

Ukiwa na siku nzima

Anza na Helsingør asubuhi, vituo vichache mbele ya Humlebæk kwa treni ileile. Kuna ngome ya Kronborg, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na jirani yake makumbusho ya bahari yaliyofunguliwa 2013, ambayo wasanifu wa kampuni ya BIG waliyajenga kuzunguka gudi la zamani la kutengenezea meli, chini ya usawa wa ardhi. Ukitoka hapo saa 8 alasiri, unafika Louisiana kwa wakati ule niliokuambia.

Jioni

Sasa lile nililoahidi. Mchana, vioo vya korido vinakuonyesha nje: miti, nyasi, mvua. Giza likiingia vinageuka. Ukiwa ndani unajiona mwenyewe, na picha ya ukuta wa nyuma yako inaelea juu ya miti myeusi. Hapo vaa koti utoke bustanini, usimame katikati ya nyasi. Jengo lililokuwa limejificha mchana kutwa linawaka kama taa ndefu iliyolazwa kati ya miti, na watu wachache wanapita ndani yake polepole, kila mmoja akiwa sanamu kwa muda anaosimama. Nyuma yako unasikia maji yakigonga mawe, na ng'ambo taa za Uswidi.

Rudi ndani nusu saa kabla ya kufunga, upite duka la makumbusho kama unataka kitabu, uchukue begi lako. Angalia ratiba ya treni kwenye simu kabla hujatoka mlangoni, kwa sababu usiku hupita kwa nafasi ndefu zaidi na jukwaa la stesheni halina kinga nzuri ya upepo. Unahitaji upande wa treni ziendazo Copenhagen. Zitokazo huko ziko jukwaa la upande mwingine.